Njia ya Kwenda na Njia ya Kurudi

Wanaonijia siku hizi kuniuliza wanunue miksa gani ya analogi kwa ajili ya mashine ya tepu, karibu wote huanza na swali moja: ina chaneli ngapi? Swali hilo si baya, maana chaneli ndizo zinazoonekana kwa macho. Lakini miksa ya kurekodia traki nyingi haipimwi kwa sauti zinazoingia peke yake. Hupimwa kwa njia za kuipeleka sauti kwenye tepu, na zaidi kwa njia za kuirudisha sauti hiyo kutoka kwenye tepu hadi masikioni mwa wanaopiga. Mimi niliyajua hayo Ganjoni, Mombasa, katikati ya miaka ya 1990, tulipokuwa na mashine nzuri, pesa haba, na kundi la watu wa taarab waliotaka kusikia muziki wao vile walivyoupiga.

Mombasa ilikuwa imezoea kurekodi muda mrefu kabla yetu. Kina Assanand walitoa santuri za lebo ya Mzuri, na enzi ya kaseti ilipoingia, Mbwana Radio Service ikawa jina ambalo kila mpenzi wa taarab wa pwani alilijua. Sauti za Juma Bhalo, Maulidi Juma, Zuhura Swaleh na Zein l'Abdin zilisafiri kwa kaseti hadi Lamu, Tanga na Unguja, mpaka kwa jamaa zetu walioko Maskati na Dubai. Nyingi ya kaseti hizo zilirekodiwa kundi zima likiwa pamoja, maiki chache, sauti zikachanganywa papo hapo na kutua kwenye traki mbili. Mtindo huo una uhai wake. Mwimbaji akilivuta neno, fidla humngojea. Mpiga bongo humtazama mpiga besi usoni, wakaelewana bila kusema. Tatizo ni kwamba kilichokwisha kuchanganyika ni vigumu kukichambua tena. Bongo likiifunika fidla siku hiyo, ndivyo itakavyobaki kwenye kaseti.

Kundi letu lilikuwa la kupiga harusini: fidla, kodiani, tashkota, kinanda cha umeme, besi, bongo, dumbaki, rika na waimbaji. Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi Dubai, na huko akapata mashine ya Fostex R8 iliyotumika, akaituma nyumbani. Kwetu ilikuwa neema. Mashine ile hurekodi traki 8 kwenye tepu ya upana wa robo inchi, ikienda kasi ya inchi 15 kwa sekunde. Kila traki hukaa peke yake. Unaweza kurekodi ngoma leo, ukaongeza fidla kesho, ukamweka mwimbaji siku ambayo koo lake liko sawa, kisha mwisho ukae chini uamue kila sauti ikae wapi.

Wazo hilo si geni duniani. Mwaka 1957 mpiga gitaa wa Marekani, Les Paul, alikabidhiwa na kampuni ya Ampex mashine ya traki 8 aliyoiwaza mwenyewe. Miaka kumi baadaye Beatles walitengeneza santuri yao ya Sgt. Pepper kwa mashine za traki 4 tu, wakizijaza, wakizihamishia kwenye mashine nyingine, wakajaza tena. Mashine ya traki 8 ndani ya chumba cha Ganjoni ilikuwa utajiri ambao studio kubwa za Ulaya hazikuwa nao miaka thelathini nyuma.

Lakini utajiri huo ulikuwa na bei yake. Rili ya inchi 7 yenye futi 1,800 za tepu huisha kwa dakika 24 kwa kasi ile. Wimbo wa taarab, ukiwa na utangulizi wake wa ala na vibwagizo vyake, hufika dakika kumi bila taabu. Kwa hiyo rili moja ni nyimbo mbili, na tepu haikuwa rahisi kupatikana. Isitoshe, mashine yenyewe haina pa kuchomeka maiki wala pa kusawazisha sauti. Inataka kulishwa na miksa.

Katika Mji wa Kale kulikuwa na fundi wa redio, mtu mzima, rafiki wa marehemu babangu, nami nilimwita Ami. Nilimpelekea kijitabu cha mashine. Akakisoma polepole ukurasa kwa ukurasa, kisha akang'oa karatasi ya kalenda iliyopitwa na wakati, akaigeuza, akachora kisanduku.

"Hii ndiyo mashine yenu," akasema. "Ina matundu manane ya kuingilia na manane ya kutokea. Nawe waniambia wataka miksa. Miksa ya kufanya nini?"

"Ya kurekodia, Ami."

"Kurekodi ni kazi tatu, mwanangu. Kwanza waipeleka sauti kwenye tepu. Pili wairudisha, ili wapigaji waisikie wakati wanaongeza zao. Tatu, mwisho wa yote, wazichukua traki zote nane wazichanganya ziwe mbili. Miksa isiyoweza zote tatu itakufanya ununue mara mbili."

Akachora mishale minane ya kwenda na minane ya kurudi. Akanipa karatasi ile na sharti moja: nisitoe pesa mpaka nimeiona mishale yote kumi na sita mgongoni mwa miksa, pale penye matundu.

Miksa ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa ya mtu wa kukodisha vyombo vya harusi. Ilikuwa na chaneli 16, imara, na bei yake tuliiweza. Kwa ukumbini isingekuwa na neno. Nilipoigeuza nikakuta sauti 16 zinaingia na mbili tu zinatoka, kushoto na kulia, basi. Miksa ya namna hiyo imetengenezwa ili watu waliokaa mbele ya spika wasikie, na kazi hiyo haihitaji zaidi ya njia mbili. Kwa tepu ya traki 8 ingetubidi tuhamishe waya kila mara, na tusingeweza kurekodi zaidi ya sauti mbili zilizotengana kwa wakati mmoja.

Ipo hila ambayo watu wengi wenye miksa za ukumbini wameitumia, nami humweleza kila asiye na uwezo wa kununua nyingine. Baadhi ya miksa zina tundu la inseti kwenye kila chaneli, la kuunganishia vifaa vya nje. Kwenye nyingi ya hizo, ukiisukuma plagi nusu tu, mpaka ule mlio wa kwanza, unaichukua sauti ya chaneli hiyo bila kuikatiza safari yake ndani ya miksa. Hapo kila chaneli inapata mlango wake wa kwendea tepu. Anayepata miksa ya bei nafuu yenye inseti kwenye chaneli nane au zaidi amepata chombo cha kurekodia, hata kama aliyeiuza hajui. Ile ya harusi haikuwa na inseti hata moja, tukashukuru, tukaondoka.

Ya pili ilikuwa mpya: Mackie CR-1604, miksa ya Kimarekani iliyokuwa gumzo la watu wa studio ndogo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilikuwa ndogo, tulivu, yenye chaneli 16. Nane ungeweza kuzitumia kupeleka sauti, na nane nyingine kupokea kutoka kwenye tepu. Ningeipenda. Lakini ilikuwa na matundu 6 tu ya maiki. Aliyetaka zaidi alinunua kisanduku cha ziada. Kwa mtu mmoja mwenye kinanda na mwimbaji, maiki 6 ni nyingi. Kwa kundi lenye bongo, dumbaki, rika, fidla na kodiani, zilikuwa haba. Na bei yake ilihesabiwa kwa dola, wakati ambapo shilingi yetu ilikuwa bado haijasahau pigo la kushuka thamani mwaka 1993.

Ya tatu ilikuwa Nairobi, kwenye studio iliyokuwa ikihamia vyombo vikubwa. Ilikuwa ya Kiingereza, ya miaka ya 1980, ya aina iitwayo 12:8:2. Viwanda vya Uingereza kama Seck, Studiomaster na Allen & Heath vilitengeneza miksa za jinsi hiyo kwa ajili ya watu wenye mashine za traki 8, na namba hizo tatu zinaeleza karibu kila kitu. Ya kwanza ni chaneli zinazoingia, ya pili ni vikundi vya kupelekea tepu, ya tatu ni njia za mwisho za kushoto na kulia. Anayejua kuzisoma hahitaji kudanganywa na muuzaji. Miksa ya 16:2 ina chaneli nyingi kuliko ya 12:8:2, lakini kwa kazi ya tepu ni ndogo kuliko hiyo.

Vikundi ndivyo vilivyotufaa zaidi ya chaneli. Kwa traki 8 huwezi kumpa kila mpigaji wa ngoma traki yake, utazimaliza kabla fidla haijaingia. Unaweka maiki kwenye bongo, dumbaki na rika, unazisawazisha, unazituma kikundi kimoja, nacho kinakwenda traki moja. Maiki tatu, traki moja. Kuna miksa nyingi za vikundi vinne ambazo nazo hufaa, kwa sababu kila kikundi kinaweza kulisha traki mbili: cha kwanza kinakwenda traki ya 1 na ya 5, cha pili ya 2 na ya 6, na kadhalika, nawe unaiamuru mashine irekodi ile unayoitaka. Mtu asiyerekodi zaidi ya sauti nne kwa wakati mmoja hapotezi chochote kwa kununua ya vikundi vinne, na bei yake huwa chini.

Kisha marejeo. Miksa ile ilikuwa na sehemu ya pekee ya kupokea traki 8 kutoka kwenye tepu, kila moja na nobu yake ndogo ya kiwango, mbali na chaneli za maiki. Maana yake ni kwamba chaneli zote 12 zilibaki huru kwa wapigaji, huku traki zilizokwisha kurekodiwa zikisikika bila kuomba nafasi. Ndiyo mishale minane ya kurudi aliyoichora Ami.

Nilipanda gari la moshi la usiku kwenda kuitazama. Sikubeba vyombo vingi: maiki moja, hedifoni, mita ya umeme, na karatasi ya kalenda. Namna tulivyoipima ile miksa inamfaa yeyote anayenunua kilichotumika. Kwanza, bila kuchomeka chochote, nilipandisha kila chaneli peke yake nikasikiliza ule mvumo wa "shhh". Kila chaneli ina wake. Unachotafuta ni ile inayovuma kupita wenzake. Mvumo huo haupuuziki, kwa sababu traki nane zenye mvumo sawa, zikichanganywa pamoja, huupandisha kwa desibeli 9. Pili, nilisukuma kila kitelezi cha sauti polepole kutoka chini hadi juu huku nikiongea kwenye maiki. Kitelezi kikichakarika ni vumbi, na vumbi husafishika. Sauti ikikatika kabisa mahali fulani, basi kimelika, na hicho ni cha kubadilishwa. Tatu, niligonga juu ya miksa kwa ncha ya kidole, chaneli baada ya chaneli. Sauti inayokatika kwa kugongwa ni risasi iliyopasuka ndani. Nne, nilipima kwa mita umeme wa volti 48 unaokwenda kwenye maiki zinazouhitaji. Tano, nikaipeleka sauti ya maiki ile moja kwenye kila kikundi, nikasikiliza tundu la kila kikundi mgongoni, kimoja kimoja, mpaka cha nane.

Chaneli mbili zilikuwa zimekufa. Muuzaji hakuficha, akapunguza bei. Nilizikubali kwa sababu nilijua kwamba kila kipande kilichomo mle, vipingamizi, kapasita, vile vichipu vya miguu minane, Ami angeweza kukipata na kukitia kwa mkono. Hicho ni kipimo ambacho watu wa mbali na viwanda tunapaswa kukitanguliza. Unafuu wa chombo hauishi dukani. Miksa ambayo fundi wa mtaani kwako anaweza kuifungua, kuielewa na kuitengeneza ni nafuu hata ikiwa na kasoro. Ambayo kila kasoro yake inahitaji kusafirishwa ng'ambo ni ghali hata ukipewa bure.

Kuna gharama ambazo bei ya miksa haikuonyeshi. Nane za kwenda na nane za kurudi ni waya 16, kabla hujahesabu za maiki. Tulinunua waya kwa mita na plagi kwa dazeni, tukazitia risasi wenyewe kwenye meza ya Ami, tukazifunga vitambulisho vya rangi. Kisha kuna umeme. Chombo cha Uingereza kimezoea volti 240 kama zetu. Cha soko la Japani hutaka volti 100 na cha soko la Marekani volti 120, na bila transfoma kinaungua siku ya kwanza. Anayenunua vilivyotumika kutoka Dubai anaweza kupata vya soko la Japani bila kujua, kwa hiyo soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Na ukisikia mvumo mzito baada ya kuunganisha kila kitu, vyote vitie kwenye soketi moja ya ukutani kwanza. Usikate waya wa ardhi. Waya huo ndio unaomlinda mwimbaji aliyeshika maiki.

Jambo la mwisho la ufundi ni kiwango. Vyombo vya studio kubwa huzungumza kwa volti 1.23 pale sindano inaposimama kwenye sifuri. Mashine ndogo kama R8 huzungumza kwa volti 0.316, karibu robo yake. Ukiunganisha bila kujua, ama tepu inalewa sauti mpaka inakwaruza, ama inapokea sauti nyembamba iliyozama kwenye mvumo. Dawa yake ni kupeleka toni moja isiyobadilika kutoka kwenye miksa, kuitazama sindano ya miksa ikisimama kwenye sifuri, na kurekebisha mpaka kipimo cha mashine nacho kisimame hapo hapo, traki zote nane. Ni kazi ya nusu saa, na hakuna pesa inayoweza kuchukua nafasi yake.

Chumba chetu kilikuwa nyumbani kwangu Ganjoni. Tulitundika mikeka na magodoro ukutani, tukazima feni, tukafanya kazi baada ya Isha wakati mtaa umetulia. Hata hivyo meli za bandari ya Mbaraki zilikuwa na honi zao, na tulijifunza kungoja. Usiku wa kwanza tulirekodi ngoma, besi na kinanda pamoja, kila mtu akimwona mwenzake. Mwimbaji naye aliimba wimbo wote kwenye traki ya 8, si kwa ajili ya kubaki, bali awe mwongozo kwa watakaofuata. Baadaye angeimba tena juu yake.

Mpiga fidla wetu alikuwa mzee aliyepiga tangu ujana wake, na hakuwahi kuvaa hedifoni. Nilimkalisha, nikamvisha, nikaanzisha tepu. Akapiga mistari michache, akasimama.

"Bongo namsikia," akasema. "Mwenye kuimba simsikii. Nimfuate nani?"

Hapo ndipo sehemu ya marejeo ilipofanya kazi yake. Kwenye miksa ile kulikuwa na njia ya oksi ya kupeleka mchanganyiko wa pekee kwenye hedifoni, usiofanana na ule niliousikia mimi kwenye spika wala ule uliokwenda kwenye tepu. Nilimshusha bongo, nikampandisha mwimbaji wa traki ya 8, nikaacha besi kidogo chini yake. Akasikiliza kimya, akaomba fidla yake mwenyewe ishushwe, maana ilikuwa ikimjaa kichwani.

"Sasa nimempata," akasema.

Akapiga wimbo mzima bila kusimama. Mwimbaji alipovuta neno, fidla ilimngojea, ingawa mwimbaji mwenyewe wakati huo alikuwa nyumbani kwake Kibokoni amelala. Katika kaseti za zamani uhai ule ulitokana na watu kuwa chumba kimoja. Sisi tuliupata kwa sababu miksa iliweza kumrudishia mpigaji mtu anayemfuata, kwa kiwango alichokitaka yeye. Kama tungenunua ile ya chaneli 16 zenye njia mbili, mzee yule angesikia chochote tulichomlazimisha asikie, na angepiga kama mgeni katika wimbo wake.

Tangu siku ile nimeshikilia kwamba swali la kwanza la mnunuzi wa miksa ya tepu liwe hili: mpigaji wa mwisho kuingia atasikia nini? Ukiwa na jibu zuri la swali hilo, karibu yote mengine yanajipanga. Ukikosa jibu, maiki za bei kali na chaneli 32 hazitakusaidia, kwa sababu mwanamuziki asiyesikia vizuri hapigi vizuri.

Kukaa na chombo kama hicho kando ya bahari ni kazi ya kila wiki. Chumvi iliyomo hewani Mombasa hula plagi, swichi na miguu ya vichipu. Tuliifunika miksa kwa kitambaa cha pamba, kwa kuwa plastiki hufungia unyevu ndani. Vichwa vya mashine tulivifuta kwa spiriti safi kila tulipoanza kazi. Na kila nobu na kila kitelezi tulikizungusha au kukisukuma hata kwenye chaneli zisizotumika, maana chombo kinachokaa bila kuguswa ndicho kinachoharibika upesi.

Tepu nazo zina maradhi yao. Baadhi ya zile zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1970 hadi ya 1990 zina gundi inayonyonya unyevu mpaka inanata, na ukiicheza rili ya namna hiyo inabaki kwenye vichwa kama lami, na sauti inatoka nayo. Mwenye rili za zamani asizicheze kwa pupa. Ampe fundi anayejua kuzipasha moto mdogo, kama nyuzi 54 za Selsiasi, kwa saa nyingi. Hapo hurudi kuwa nzuri kwa muda wa kutosha kuhamisha sauti iliyomo.

Kwa anayeanza leo, mambo yamekuwa mepesi kwa upande mmoja. Kumbi, makanisa na studio nyingi zimehamia miksa za dijitali, na za analogi zinauzwa kwa bei ya kutupa. Nyingi ni za ukumbini, kwa hiyo zigeuze utazame mgongo: tafuta vikundi vinne au vinane, au inseti kwenye chaneli, au matundu ya kutokea ya kila chaneli. Kama haina sehemu ya marejeo, nunua yenye chaneli mara mbili ya traki zako, nusu za kwenda na nusu za kurudi. Hakikisha ina angalau njia moja ya oksi isiyofuata kitelezi, ili hedifoni za mpigaji zisibadilike kila unapogusa mchanganyiko wako. Na mwenye pesa kidogo kabisa asidharau mashine za kaseti za traki 4. Tascam ilitoa Portastudio 144 mwaka 1979, miksa na mashine ya tepu katika kisanduku kimoja, njia zote za kwenda na kurudi zimekwisha kuunganishwa ndani. Bruce Springsteen alirekodi Nebraska kwa kisanduku cha namna hiyo chumbani kwake, na santuri ile ikatoka mwaka 1982. Wimbo mzuri wenye traki nne zilizosikika vyema unatosha.

Ukibakiwa na pesa baada ya hapo, usiongeze chaneli. Nunua tepu, nunua hedifoni mbili nzuri, mlipe fundi. Kisha uanze na wazee. Juma Bhalo alituacha mwaka 2014, Zein l'Abdin mwaka 2016, na vyao vingi vimebaki kwenye traki mbili zilizochanganyika, udi na sauti na ngoma pamoja, visivyotenganishwa kwa urahisi. Bado wapo Mombasa, Lamu na Tanga watu wa fidla, udi na tashkota ambao mapigo yao hayajarekodiwa kila moja kwenye traki yake, mahali ambapo kijana wa kesho anaweza kuisikiliza fidla peke yake na kujifunza ilivyopita. Miksa ya kuifanya kazi hiyo inapatikana leo kwa bei ya simu ya kawaida. Anayeipata aende kwao mwaka huu.